Miezi Tisa Bangkok na Saa 72 za Dar

Dar es Salaam,
8 Februari 2021

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na unisalimie wote hapo Tanga. Umeuliza ni viza gani itakuweka Bangkok miezi tisa. Nitakujibu, ila nakwambia mapema: kipindi hiki cha korona viza ndiyo kazi nyepesi. Mtu anaweza kuwa nayo mkononi na bado akarudishwa kwenye dawati la uwanja wa ndege kwa karatasi moja iliyopitwa na saa zake, au jina lisilofanana na la pasipoti.

Viza ya kawaida ya utalii inakupa siku 60, unaongeza 30 kwa baht 1,900 (fedha ya Thailand), basi, mchezo umekwisha. Ya wastaafu ni ya mwaka mzima na hamsini umeshaivuka (usinune, pasipoti imesema), lakini wanataka uonyeshe baht 800,000 benki, karibu shilingi milioni 60, pamoja na cheti cha polisi cha tabia njema na cheti cha daktari kwamba huna ukoma, kifua kikuu, matende wala kaswende iliyofika hatua ya tatu. Kama fedha hiyo ipo na imelala, sawa. Kama ni ya kuazima ili ionekane kwenye taarifa ya benki, achana nayo.

Inabaki viza maalumu ya utalii iliyoanza Oktoba 2020, wanaiita STV. Unaingia kwa siku 90, unaongeza mara mbili kwenye ofisi ya uhamiaji huko huko, siku 90 kila mara. Jumla 270. Hapo pana mitego. Siku za karantini zinahesabiwa ndani ya 90 za mwanzo, si nje yake. Halafu utaratibu wenyewe umetangazwa hadi 30 Septemba 2021, na wewe ukiingia Machi siku 270 zinakufikisha Desemba. Kwa hiyo usizichukue kama ahadi: waandikie ubalozi uulize nyongeza ya mwisho itahesabiwaje, jibu ulitunze. Wanataka pia uthibitisho wa mahali utakapokaa baada ya karantini. Panga nyumba kwa miezi mitatu, usilipe kodi ya tisa kwa mkupuo.

Ubalozi wa Thailand unaotuhudumia uko Nairobi, hivyo pasipoti itasafiri kabla yako. Itolee nakala kwanza, kila ukurasa wenye muhuri. Ikiwa imebakiza chini ya mwaka na nusu, ihuishe kabla ya yote, maana ikikuishia katikati ya nyongeza utahangaika ugenini.

Viza ikitoka, bado hupandi ndege bila cheti cha kuingia, COE, kinachoombwa mtandaoni kwa hatua mbili. Kwanza unapakia pasipoti, viza na bima, unasubiri kama siku tatu za kazi. Ukikubaliwa, unapewa siku 15 za kupakia tiketi na hoteli ya karantini. Watu wanaharibu hapa kwa kuanza na tiketi kwa sababu ilikuwa rahisi wiki ile. Subiri kibali cha kwanza. Na ukinunua, safari yote iwe kwenye tiketi moja, Dar hadi Bangkok. Ukiunganisha tiketi mbili, mizigo inaweza kuishia njiani ukalazimika kuingia nchi ya katikati, nayo ina masharti yake.

Bima ndiyo ya kuisoma kwa miwani. Lazima barua yake itaje COVID-19 kwa jina, kiasi kisichopungua dola 100,000 za Marekani, na tarehe zifunike muda wote wa kukaa. STV inadai pia matibabu ya kawaida: baht 40,000 ya kutibiwa bila kulazwa, 400,000 ya kulazwa. Uliza hili swali mahususi: nikipimwa nikakutwa na virusi bila dalili yoyote, mnalipa? Thailand inakulaza hospitali hata kama hukohoi, na zipo bima zinazokataa kulipia kulazwa kwa mtu asiyeumwa.

Majina. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na kila ofisi inachagua mawili inayoyapenda. Viza, bima, hoteli, tiketi, cheti cha kipimo: andika yote matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Hoteli ya karantini iwe kwenye orodha ya serikali yao. Ni siku 14, na za bei ya chini huanza karibu baht 30,000, chakula, vipimo na gari la kukutoa uwanjani vikiwemo. Chagua chumba chenye dirisha linalofunguka, hata kama kinazidi bei kidogo.

Chanjo ya homa ya manjano usiiache ya mwisho. Thailand inatudai, na kadi huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Nenda Mnazi Mmoja mapema. Ukishaipata ni ya maisha.

Sasa saa 72, yaani muda ambao kipimo chako cha korona kinakubalika kabla ya kuruka. Kiwe PCR, kile cha maabara, cha haraka hakikubaliki, na cheti cha daktari kwamba unafaa kusafiri kiwe ndani ya muda huo huo. Hesabu kurudi nyuma kutoka ndege ya kwanza kuruka, na uanzie kutolewa sampuli, si kutoka kwa majibu. Ndiyo hesabu kali, haikuangushi. Tuseme tiketi imeandikwa Alhamisi 00:40. Hiyo ni usiku wa kuamkia Alhamisi, yaani Jumatano jioni uko uwanja wa ndege, Terminal Three. Ukienda Alhamisi usiku, ndege imeshakuacha. Saa 72 nyuma ni usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo sampuli Jumatatu asubuhi, isiwe Jumapili. Unajiandikisha kwanza kwenye tovuti ya Wizara ya Afya na kulipia, hivyo hayo yakamilike wiki iliyotangulia. Majibu yakitoka, mpelekee daktari siku hiyo hiyo. Uwe umefika Dar tangu Jumamosi; basi la Tanga likiharibika Chalinze halijui habari za maabara.

Ukifika huko, mwenye nyumba anatakiwa kukuripoti uhamiaji ndani ya saa 24 kwa fomu ya TM.30. Mkumbushe, maana bila hiyo wanaweza kukugomea nyongeza. Ukizidisha muda ni baht 500 kwa siku, hadi 20,000.

Nitumie picha ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti kabla hujajaza fomu yoyote, niyaangalie hayo majina.

Wako,
Rehema