Jumamosi njooni na daftari

Assalamu alaikum na habari za jioni, ndugu wasomaji.

Jumamosi tunakutana saa 10 jioni ufukweni Shangani, si Mikindani tena.

1. Daftari na kalamu. Tutaandika kimya dakika 15, kila mtu jambo linalomlemea moyoni. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker wa Marekani aliwaandikisha wanafunzi hivyo siku 4 mfululizo; walioandika machungu yao wakapunguza kwenda zahanati miezi iliyofuata. Kusoma mbele ya wenzako ni hiari, kabisa.
2. Kitabu cha kuazimana.
3. Sh 2,000 za chai na mihogo, kwa mweka hazina.

Waliofiwa karibuni tusiwaache nyumbani, tafadhali wapitieni.

Jibu "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi usiku, nijue idadi ya mikeka.