Mgeni aliyekuja na mndimu wako

Kahawa West, Nairobi
20 Mei

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na mvua ya masika imetushibisha.

Unaukumbuka mche wa ndimu ulionichimbia huko Kilifi, nikaupakata kwenye basi usiku kucha? Umeshika vizuri. Ila kwenye ule udongo kulikuwa na mgeni. Mwezi wa nne shina jembamba lilichomoza kando ya mndimu, nikataka kuling'oa kama gugu. Kilichonizuia ni majani. Kila jani ncha yake imejikunja kama kidole cha mtoto anayeshikilia leso ya mamake, na kwa vidole hivyo mmea ukaupanda mndimu hadi juu ya uzio wa kayaba.

Juma lililopita ukachanua. Mwanaidi, ua lile! Petali sita zenye kingo za mawimbi, zote zimepinda kurudi nyuma kama ndimi za moto. Lilifunguka likiwa la kijani-manjano, likageuka jekundu lenye kingo za njano, na sasa ni jekundu tupu. Jirani alishikilia kuwa hiyo ni mimea miwili.

Muuza miche wa barabarani aliniambia ni yungiyungi. Sikuridhika, kwa sababu ya kwake husimama yenyewe, hayapandi. Nikakata tawi, nikalilaza kati ya magazeti, nikalipeleka kwa wataalamu wa mimea pale Makumbusho ya Taifa. Aliyenipokea alianza kwa kushika ncha ya jani. Kisha akanionyesha kijiti cha katikati kinachopokea chavua, kilivyopinda ghafla upande kama kiwiko. Akasema ni Gloriosa superba, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753. Zimbabwe wamelifanya ua la taifa, na hapa Kenya ni mwenyeji wa tangu jadi. Nilifurahi kama niliyeonyeshwa ndugu.

Lakini lililonifanya niandike upesi ni hili. Mmea wote una sumu, na kiazi chake ndicho hatari. Sumu yenyewe, kolchisini, madaktari huitumia kwa kipimo kidogo sana kutibu jongo. Kiazi kimeshaua watu waliokidhania chakula. Ni kirefu, mara nyingi kimekunjika kama herufi V. Kiangazi shina hukauka, kiazi hubaki kimelala chini. Nadhani miaka ya nyuma nimelipalilia shina hilo bila kujua, na kiazi kikanisubiri.

Basi pale ulipochimba mndimu huenda vipo vingine, na wanao huchimba mihogo papo hapo. Waonyeshe majani yenye vidole kabla hawajashika jembe tena, na mbuzi uwafunge mbali.

Langu silitoi. Nimelizungushia waya, watoto wameelezwa, na nikiligusa navaa glavu.

Bibi alijua kila jani la shamba lile. Muulize, yeye analiitaje?

Wako,
Wambui