Marekani wanafunga hata wasio na hatia, ili mradi hawana pesa ya dhamana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mahakama zetu huko nyumbani zinawalea wezi, tuige Marekani ambako mtu akikosea anafungwa miaka na miaka. Mi naishi huku Marekani mwaka wa 14 sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee, na hicho anachotaka tukiige nimekiona kikiingia kwenye nyumba ya jirani yangu kwahiyo siwezi kukaa kimya.

Kabla sijahamia Illinois nilikua naishi jimbo moja la kusini, kwenye nyumba za kupanga ambazo nusu ya wapangaji ni Wakongo waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi ndo wakaletwa huku. Tulikua tunaongea kiswahili, tunaazimana unga na dagaa, tukawa ndugu. Usiku mmoja saa nane naskia mlango unagongwa, nafungua namkuta mama wa chini kasimama na kitenge, hana viatu na nje baridi, ananiambia "Dada, bamemubeba mutoto yangu." Kijana wake ana miaka 19, anafanya kazi kiwanda cha kuku, alikua kapewa lifti na wenzake wawili, polisi wakawasimamisha na kwenye gari vikakutwa vidonge vya maumivu, vile vikali, havina karatasi ya daktari. Nani mwenye navyo haikuulizwa sana. Wote watatu weusi na wote watatu walilala ndani.

Dhamana ikawekwa dola 15,000. Huku kuna watu biashara yao ndo hiyo, madalali wa dhamana, unampa asilimia 10 yeye anakuwekea yote, na ile yako hairudi hata kesi ikifutwa kesho yake. Kwahiyo tulikua tunatafuta dola 1,500, tukapitisha mchango kanisani, tukachangishana pale nyumbani, mtu anatoa 20, mwingine 50 na ndo kodi ya nyumba inakaribia. Kijana akipiga simu kutoka ndani inalipiwa kwa dakika, mama anaongea huku anaangalia saa. Tukienda kumuona tunawekwa mbele ya skrini, yupo jengo hilohilo ila unamuangalia kwenye kioo kama yupo nchi nyingine, picha inakatika anabaki mdomo wazi hatujui alichosema. Wiki ya kwanza haijaisha kiwanda kikamfuta kazi.

Siku ya 23 tulikua tumefikisha dola 900, ndo tukaskia kashakiri kosa. Wakili aliyepewa na mahakama aliongea nae dakika chache akamwambia ukikiri leo unatoka leo, ukikataa unasubiri kesi na haijulikani ni lini. Mtoto wa miaka 19 amelala siku 23 kwenye mwanga usiozimwa, we ungefanya nini? Akakiri vidonge ambavyo mpaka leo anasema sio vyake. Sasa yeye sio raia, ana ile kadi ya ukaazi tu, na kosa la madawa linaweza kumfanya mtu afukuzwe nchini hata kama amekaa miaka mingapi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema tangu 2010, kwenye kesi ya dereva mmoja wa malori mwenye asili ya Honduras aitwae Padilla, kwamba wakili lazima amwambie mteja wake hatari hiyo kabla hajakiri. Huyu kijana wetu anasema hakuambiwa.

Kipindi hichohicho dada mmoja mzungu niliekua nafanya nae kazi, mwanae alikamatwa na vidonge vya aina hiyohiyo. Walikua na wakili wao wa kulipa, kijana akaandikiwa kwenda kliniki miezi sita, alipomaliza kesi ikafutwa. Mi nilifurahi kwa ajili yake, nasema kweli, yule mtoto alikua anaumwa na alistahili kutibiwa. Ila ndo ninachouliza, kwanini kwa huyu ilikua ugonjwa na kwa yule ni uhalifu?

Na sio bahati mbaya ya watu wawili. Mwaka 1986 bunge la huku lilipitisha sheria kwamba ukikutwa unauza gramu 5 za kokeni ya kuvuta, ile inaitwa kreki, ambayo waliokua wanafungwa nayo wengi ni weusi, unakula miaka 5 lazima, lakini kokeni ya unga ilikua mpaka ufikishe gramu 500. Dawa ni ileile jamani! Miaka 24 ilipita ndo wakairekebisha 2010, na hapo hawakuifanya sawa, walishusha kutoka mara 100 mpaka mara 18. Leo weusi ni kama asilimia 13 au 14 ya watu wa nchi hii lakini ni karibu theluthi ya wafungwa wa magereza. Waliofungiwa jumla ni karibu milioni 2, na kati yao zaidi ya laki 4 wapo kwenye jela za kaunti, yaani za wilaya, bila kuhukumiwa na mtu yeyote, wengi wao wanasubiri kesi tu kama yule kijana. Kuna gereza Louisiana linaitwa Angola, jina la shamba la watumwa lililokuwepo palepale, na mpaka leo wafungwa, wengi weusi, wanalimishwa kwenye ardhi ile kwa senti chache kwa saa, na katiba inaruhusu maana ilipopiga marufuku utumwa 1865 iliacha wazi kwa aliyehukumiwa kwa kosa. Msomaji mwenzangu, hiyo ndo shule unayotaka tukasome?

Hapa Illinois tangu tarehe 18 Septemba 2023 dhamana ya pesa imefutwa kabisa, ndo jimbo la kwanza. Hakimu anaangalia mambo mawili, huyu ni hatari kwa watu? Atakimbia? Kama sivyo anarudi nyumbani kusubiri kesi, kazini anaenda, watoto wanakula. Kama ni hatari anakaa ndani na hata awe tajiri hawezi kununua mlango. Waliopinga sheria hii walitisha watu sana kwamba damu itamwagika, lakini mauaji Chicago yalipungua 2023 na yakapungua tena 2024. Sisemi ni kwa sababu ya sheria hii, nasema tu kile walichotutishia hakikuja. Muuaji afungwe, mbakaji afungwe, hapo sina ugomvi na mtu.

Na sisi tunazo njia zetu kwenye vitabu. Tanzania ina sheria ya huduma kwa jamii tangu 2002, Kenya tangu 1998, mtu wa kosa dogo anafagia hospitali au anapanda miti huku analala kwake. Mhariri, badala ya kuuliza kwanini hatufungi miaka mingi kama Marekani, tumeni waandishi wakae mahakama ya mwanzo wiki moja wahesabu ni wangapi wanapelekwa mahabusu kwa kukosa wadhamini tu, alafu mtuchapie.

Yule kijana sasa anapakia mizigo usiku. Hasafiri nje ya nchi, anaogopa akitoka hataruhusiwa kurudi. Bibi yake bado yupo Nyarugusu na kila jumapili akipiga simu anamuuliza anakuja lini.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mama wa Kitanzania, Illinois, Marekani