Saida, mama mdogo asiache mamogramu

Saida mwenzangu,

Za siku? Sisi wazima, wote wanakusalimu. Najua nimekaa kimya mno ila ulichonitumia jana kimeninyima usingizi. Eti mama mdogo kaghairi mamogramu, ile picha ya eksirei ya matiti, kisa mtu kamwambia siku hizi saratani ya matiti inaonekana kwenye damu tu, wanapima RNA, zile nakala zinazotolewa kwenye jeni. Tafadhali, asighairi!

Hizo RNA zipo kweli, si uongo. Ni zile ndefu, zinazozidi nyukliotidi 200 (ndo vipande vidogo vinavyounda RNA), hazitengenezi protini, zamani watu walidhani ni takataka tu kumbe nyingine ndo zinaamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Kuna moja inaitwa HOTAIR, mwaka 2010 watafiti walionyesha ikiwa nyingi kwenye uvimbe wa titi basi hatari ya saratani kusambaa inakuwa kubwa. Nilivyosoma ile nilisisimka, we acha. Lakini pale walipima uvimbe wenyewe, wa watu walioshajulikana wanaumwa, sio damu ya mtu ambaye hajui ana nini. Ni mambo mawili tofauti kabisa Saida.

Halafu damu ina vimeng'enya vinavyokatakata RNA, nyingi zinazopona ni zile zilizofichwa kwenye vifuko vidogo vinavyotolewa na seli, na maabara zikipima kwa njia tofauti majibu hayalingani. MALAT1, RNA nyingine ndefu kama HOTAIR, ndo inachanganya zaidi, tafiti nyingine zinasema inasaidia saratani kusambaa, ya 2018 kwenye panya ikaonyesha inazuia. Sasa hapo utampa mtu jibu gani?

Kwa saratani ya tezi dume kipimo kipo, cha RNA ndefu inayoitwa PCA3, kinapimwa kwenye mkojo, Marekani walikiidhinisha 2012, tena ni cha kusaidia kuamua kama mtu arudie baiopsi, yaani kutolewa kipande cha nyama kikapimwe, basi. Ndo maana naamini na matiti siku itafika. Ila mama mdogo asiisubiri hiyo siku, aende mamogramu, na kama kuna kinundu anakisikia basi hata mamogramu ikitoka safi daktari amwangalie tu.

Hivi nani alimwambia hayo? Kashalipia hicho kipimo? Na ile sehemu aliyosema inamuuma, kuna uvimbe au ni maumivu tu? Rehema anaweza kumsindikiza? Au nimpigie mwenyewe, atanisikiliza kweli? Nijibu leo basi.

Wako,
Neema