Manukato ya msimu yavaliwe kwanza, ndo yasifiwe

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi na poleni na kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho hili jambo linanirudia, na sijaona gazeti lililoligusa. Naongelea manukato ya msimu yanayochanganywa na wachanganyaji wetu wadogo, wale wa Unguja, wa Tanga, wa Mombasa, na siku hizi hata hapa Dar wapo wengi tu, mtu yuko nyumbani kwake na meza yake na chupa zake, anatoa mafuta ya Idi, anatoa ya harusi, anatoa ya masika, mwisho wa mwaka anatoa ya Krismasi, unaona picha kwenye simu, unatuma hela kwa simu, mzigo unakuja na boti au na basi. Mi nawapenda hawa watu na hela yangu nyingi imeishia kwao, sijuti hata kidogo. Ila tunawanunulia vibaya na tunawasifia vibaya, na wao pia kuna vitu wanatuficha.

Angalia inavyokwenda. Tangazo linatoka ishirini na kitu ya Ramadhani, baada ya siku mbili tunaambiwa stoki imeisha, na anachorudishiwa muuzaji ni mashaallah, niwekee mbili, mpaka Mbagala ni shilingi ngapi, basi. Hakuna aliyesema yakikaa saa nne mwilini yanakuwaje, yakikutana na jasho yanakuwaje, kanzu ilipona au haikupona. Idi ikipita kila mtu kimya, na mwakani mchanganyaji anarudi mezani anabahatisha tena kwa sababu hakuna aliyemwambia ukweli. Sasa huyo atakuaje fundi mkubwa?

Na inauma kwa sababu wana kitu ambacho makampuni makubwa hawana. Pwani yetu imezoea kunukia kwa msimu tangu zamani, kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia cha kujipamba, kilifungwa kwa maua yaliyopo siku hiyo, asumini, kilua, rihani, mkadi, waridi, ukikosa hili unaweka lile. Asumini inafunguka jua likizama na usiku ndo inatoa harufu yake yote, ukiichelewesha ushaikosa. Tena haipikwi kwa mvuke kama karafuu au mchaichai, joto linaiharibu, viwandani wanaivuta kwa kiyeyusho na inataka mamia ya kilo za maua kupata kilo moja ya mafuta, ndo maana ile halisi bei yake inatisha. Kuna mmama wa Unguja nanunua kwake, yeye analaza maua kwenye mafuta usiku, asubuhi anayatoa anaweka mapya, anarudia hivo mpaka mafuta yenyewe yashike harufu. Chupa chache tu kwa msimu. Hiyo kazi hutaikuta kwenye duka la uwanja wa ndege pale Dubai.

Nieleze chupa moja basi, mtu aone nnachomaanisha nikisema tathmini. Ni mafuta ya Idi ya mchanganyaji mwingine, simtaji jina maana shida yangu haiko kwake peke yake. Robo tola, yaani kama mililita 3 hivi, kichupa cha roloni, lebo nzuri ya dhahabu imeandikwa Idi na udi halisi wa Kambodia, hakuna kingine. Ukipaka, dakika kumi za mwanzo ni ndimu na iliki, inachangamsha kweli, hapo ndo watu wote wanaponunua. Nusu saa ndimu imeshaondoka, karafuu inabaki imesimama peke yake na inachoma pua kidogo. Saa moja na kitu ndo asumini inakuja, na hii asumini ilinifurahisha sana kwa sababu ina kale kaharufu ka ua linaloanza kunyauka, asumini ya kweli iko hivo, haiwi safi kama sabuni. Mchana juani ikapanda mpaka mtu wa pembeni kwenye daladala akageuka. Jioni ikabaki miski na udi mkavu wenye moshi, na hapo ndo tunagombana, maana ule udi ulikuwa mkali wa mstari mmoja, haubadiliki toka saa nane mpaka usiku, na udi wa mti haukai hivo, unageuka geuka, mara ngozi, mara asali, mara zizi la ng'ombe kabisa.

Udi halisi unatoka kwenye miti ya Aquilaria, huko Assam, Kambodia, Vietnam, Indonesia, na si kila mti una udi, mpaka mti ujeruhiwe, ushambuliwe na ukungu, ndo unajikinga kwa kutoa ule utomvu mweusi ndani ya mbao. Umekatwa mpaka ukaadimika, aina moja, Aquilaria malaccensis, iko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, tangu 1995 na baadae wakaingiza miti yote ya jamii hiyo. Sasa mafuta ya mti huo yatauzwaje robo tola elfu kumi na tano, na faida juu? Hayawezi. Ni udi wa maabara, na mi sina ugomvi na udi wa maabara, unakaa vizuri, bei yake ya kibinadamu, hata miski karibu yote tunayojipaka leo ni ya maabara na hakuna aliyekufa. Ugomvi wangu ni lebo. Andika udi wa kutengeneza, tutanunua vilevile, na asumini yako ya kweli itapata heshima yake badala ya kufichwa nyuma ya udi wa uongo.

Kwenye lebo hapo nataka nikae kidogo maana si suala la hela tu. Siku ya Idi tunawapaka na watoto, shingoni, nyuma ya masikio, halafu wanashinda juani toka asubuhi wanatembea nyumba hadi nyumba kudai mkono wa Idi. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye maganda yakipigwa na jua juu ya ngozi yanaunguza, yanaacha mabaka meusi yanayokaa wiki na miezi, na bagamoti, tunda la jamii ya ndimu na chungwa, ni hivo hivo. Karafuu nayo ina kemikali inaitwa eujenoli, ikizidi inawasha, na wapo ambao miili yao inaikataa kabisa. Ulaya wanamlazimisha muuzaji aandike kwenye kifurushi viungo vya harufu vinavyosumbua ngozi, walianza na orodha ya viungo 26 na 2023 wakaipanua ikapita 80. Hapa kwetu vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, nawaomba wachanganyaji wasione hiyo ofisi kama adui, waende wakaulize, na kama bado hawajaenda, kijikaratasi kidogo tu ndani ya kiboksi chenye majina ya vitu vilivyomo na mwezi yalipochanganywa kingetosha kuanzia. Mama akijua kuna ndimu atampaka mtoto kwenye nguo, asimpake shingoni. Na awe ameambiwa pia kwamba mafuta yenye rangi nzito yanaacha doa la njano kwenye kanzu nyeupe na halitoki kwa sabuni ya kawaida.

Halafu kuna hili la msimu wenyewe, ambalo naona wachanganyaji wengi hawalifikirii. Idi haikai mahali pamoja, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja hivi. 2024 Idi el Fitri ilikuwa Aprili 10, mvua za masika tunazo, 2025 ikaja mwisho wa Machi, na ikifika 2030 itakuwa mwanzoni mwa Februari, kaskazi kali, jua la utosi. Mchanganyo uleule hauwezi kufaa miaka yote hiyo. Kwenye unyevu wa masika harufu nzito inaning'inia hewani inakaba, chumba kizima kinajaa, kwa hiyo udi na ambari vinatakiwa vipunguzwe. Kwenye joto la kaskazi vile vyepesi vya juu, ndimu, chungwa, mchaichai, vinapaa ndani ya dakika chache unabaki na kilichoko chini tu, hapo mchanganyaji inabidi ajenge katikati pawe na nguvu, aweke maua kama langilangi, aweke viungo. Langilangi hatuna haja ya kwenda mbali, majirani zetu wa Komoro ndo wazalishaji wakubwa duniani, na mafuta yake yanauzwa kwa madaraja, yale yanayotoka mwanzo kwenye mtambo ni matamu na ghali, ya mwisho ni mazito na rahisi, mchanganyaji anayejua kazi atakwambia katumia daraja gani. Karafuu ndo usiseme, Pemba pale Wawi kuna kiwanda cha ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar la biashara ya karafuu, kinachokamua mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu.

Na muda. Mafuta yaliyochanganywa jana hayanukii kama yatakavyonukia baada ya wiki tatu nne, vitu vinahitaji kukaa pamoja gizani vizoeane, ile karafuu inayochoma pua inatulia. Mtu anachanganya tarehe ishirini na tano Ramadhani anauza ishirini na saba, ananiuzia kitu kibichi, na siku mimi nnapokisifia au kukiponda kwa harufu ya siku ile wote wawili tunapotezana. Achanganye Shaabani, mwezi kabla ya Ramadhani. Na atoe sampo, nusu mililita inavutwa kwa sindano inatiwa kwenye kichupa kidogo, auze kwa buku mbili, mtu avae akiwa kazini, akafuturu nayo, akalale nayo, ndo aagize chupa.

Wenzetu wanafanya, si ndoto. Los Angeles kuna kampuni ndogo ya manukato ya kujitegemea inaitwa Black Phoenix Alchemy Lab, ilianza 2002, wao pia kazi yao ni mafuta, chupa ya mililita 5, na umaarufu wao mkubwa ni manukato ya msimu, ya Halloween, ya kipindi cha Krismasi, mpaka ya mwezi mpevu, yanatoka kwa muda halafu yanaondolewa. Ila kila moja linakuja na orodha ya harufu zilizomo, na yale yao ya mwaka mzima wamekuwa wakiyauzia sampo. Na wateja wao wamejijengea utaratibu mzuri sana wa kueleza, wanasema ikiwa mbichi kwenye ngozi iko hivi, ikikauka iko hivi, ikishakaa kabatini mwaka imekuwa hivi, mpaka mtu aliyeko mbali ambaye hajawahi kuinusa anajua kama itamfaa. Hivo ndo kampuni ndogo imeweza kuishi zaidi ya miaka 20.

Sisi wanunuzi tunaweza kuanza leo bila kusubiri mtu. Usisifie mezani. Paka kwenye mkono, ondoka, rudi uandike umevaa saa ngapi, jua lilikuwaje, ngozi yako kavu au ya mafuta maana kavu haishikilii, na sema kama wewe ulikuwa huisikii ila wengine wanaisikia, kwa sababu pua inazoea harufu ya mwili wake haraka sana na zipo aina za miski ambazo baadhi ya watu hawazisikii kabisa tangu kuzaliwa, kwa hiyo mmoja akisema imekata saa moja na mwingine akasema imekaa siku nzima inawezekana wote wanasema kweli. Na usiogope kumwambia fundi kwamba hii sijaipenda, mwambie kwa adabu na mwambie ni saa ngapi ulipoacha kuipenda, hiyo saa ndo inamsaidia kujua kiungo gani arekebishe. Wachanganyaji nao waache kukasirika, nimeshaona mteja anafungiwa namba kwa kuuliza tu udi ni wa wapi.

Sasa ombi langu kwako Mhariri. Toka Idi ndogo mpaka Idi kubwa kuna siku kama 70. Katikati hapo chupa za Idi ndogo zimeshavaliwa, zimetulia, zimeonana na jasho na mvua, na mafundi bado hawajaanza kuchanganya za Idi kubwa. Naomba gazeti litenge hata nusu safu kwa wiki, wasomaji watume tathmini fupi za manukato waliyonunua kwa wachanganyaji wetu, masharti yawe mawili tu, mtu awe ameyavaa siku nzima na awe amenunua kwa hela yake. Mi ya kwangu ninayo tayari, ya yule mmama wa Unguja wa asumini ya kulaza, ntaituma siku mtakayosema.

Wenu msomaji wa siku zote,
Mpenda manukato, Ilala, Dar es Salaam