Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Julai 2024 hadi Juni 2025

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wagonjwa wa saratani hapa Nakuru, jamaa mliosindikiza wagonjwa wenu, na wauguzi mlioacha mapumziko ya Jumamosi mkaja kuketi nasi, hamjambo.

Kabla sijasoma lolote, naomba tusimame. Mwaka huu tumezika wenzetu watano. Wawili kati yao mwaka jana walikuwa kwenye viti hivi vya mbele, wakizungusha kikapu cha mchango. Familia hazikupenda majina yaandikwe kwenye karatasi itakayosambazwa kwa simu, nami nimeheshimu. Tunawajua. Asanteni, tukae.

Mnakumbuka ubishi wa mwaka jana. Tulibishana hadi chai ikapoa: pesa za mfuko wetu wa kusaidiana zifanye kazi gani? Tangu tuanze, desturi yetu ilikuwa kungoja. Mtu anazidiwa, bili inapanda, jamaa wanapiga simu, tunaitisha harambee. Mara nyingi harambee ile iligeuka kuwa ya mazishi. Ndipo mama mmoja wa Elburgon akasimama, akasema kwamba tunamchangia mtu akishaanguka, na yeye siku hiyo hana nauli ya kwenda kliniki Jumatatu. Mkutano ukaamua mfuko uanze kulipa mapema: nauli, malazi na mchango wa bima. Nakiri mbele yenu kwamba mimi nilipiga kura ya kupinga. Nilihofia tukitawanya pesa kidogo kidogo tutakosa za dharura. Mwaka umepita, nimeona, na nimebadili msimamo wangu. Sehemu kubwa ya taarifa hii ni kueleza kwa nini.

Nianze na malazi, yaani chumba tulichokodi. Wengi wetu tulitibiwa zamani. Nilipougua mwaka 2016, mionzi ya kutibu saratani katika hospitali ya umma ilikuwa Nairobi tu, na aliyetoka huku alihitaji jamaa wa kumlaza mjini wiki nzima nzima. Leo mashine iko hapa Nakuru, PGH yetu, hospitali kuu ya umma ya hapa, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini kwa mtu wa Olenguruone au Subukia ndani, Nakuru si karibu. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida ni vikao 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano mfululizo, na kila wiki mgonjwa hutundikiwa dripu ya kemo, yaani dawa za kuua saratani. Mwanachama wetu wa Olenguruone alikuwa akitumia bodaboda, kisha matatu, kisha bodaboda tena kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu: shilingi 1,000 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 25 hizo ni shilingi 25,000, na hakuna bima inayomlipa bodaboda. Kikao chenyewe ni dakika chache tu mezani. Alifika kikao cha tisa akakosa siku tatu, si kwa sababu ya ugonjwa, ni kwa sababu ya nauli. Madaktari hutuambia kila mara kwamba mionzi haitakiwi kukatizwa, kwani uvimbe hutumia siku hizo kujijenga upya.

Kwa hiyo tangu Septemba tumekodi chumba karibu na hospitali, shilingi 6,000 kwa mwezi, ghorofa ya chini ili mtu asipande ngazi. Kina vitanda viwili, jiko la gesi na pazia katikati. Hadi Juni watu 19 wamelala pale. Hakuna hata mmoja wao aliyekosa kikao kwa ajili ya nauli. Nimelirudia jambo hili kwa kila anayeniuliza tunafanya nini.

Akina mama wa zamu ya kupika, sina maneno ya kutosha. Mmejifunza wenyewe kwamba anayechomwa mionzi ya kifuani hapaki losheni yenye marashi wala havai sidiria ya kubana, na kwamba mzee mwenye saratani ya umio, hii ya kushindwa kumeza inayowasumbua sana watu wa pande zetu za Bonde la Ufa, humpi ugali mkamuangalia akijaribu kwa aibu. Mnampikia uji wa wimbi, mnaketi naye hadi amalize. Yule mzee wa Njoro aliniambia kilichomrudisha kikao hadi kikao ni huo uji.

Sasa bima. Hapa nina jambo la kuomba radhi.

Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya taifa, iliondoka, SHA ikaanza mahali pake. Usajili wa zamani haukuhamia wenyewe, kila mtu alitakiwa kujisajili upya. Tulijua tangu Julai. Kamati ilichelewa, na mwenyekiti ni mimi. Oktoba ilipoingia, wanachama 11 waliokuwa katikati ya matibabu hawakuwa kwenye mfumo. Kuna mwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mumewe aliyemwacha. Kuna mwenye kitambulisho kilichopotea. Katibu wetu alihamishia meza chini ya mjakaranda nje ya kanisa, akakaa siku nne maua yakimdondokea kwenye daftari, akimsajili mmoja mmoja kwa simu, kupitia *147#. Wahudumu wa afya ya jamii walimsaidia kuwafikia wale wa vijijini. Wawili kati ya hao 11 walisogezewa tarehe ya kemo. Kwa hao wawili na jamaa zao, naomba msamaha.

Wenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, yamekwisha. Sisi wa jua kali, wa kibanda cha mboga na wa nusu eka ya viazi tunaulizwa kuhusu nyumba, choo, maji na mifugo, kisha tunapewa kiwango chetu. Hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa cha mwaka mzima kwa mkupuo: shilingi 3,600. Kwa aliye na mshahara kiasi hicho si kitu. Kwa anayeuza sukuma wiki na ambaye hajafungua kibanda tangu kemo ya pili, 3,600 kwa mara moja ni mlima. Nataka mkitazame kiasi hicho kwa jicho lingine. Enzi za NHIF, shilingi 3,600 ndizo zilizolipwa kwa kikao kimoja cha mionzi. Yaani mtu anaweza kukosa vikao vyote 25 kwa kukosa bei ya kimoja.

Mfuko wetu umewakopesha wanachama 14 mchango huo, bila riba, walipe polepole. Tisa wamemaliza kurudisha, wengine kwa shilingi mia mia. Watano bado, na wawili katika hao watano ni miongoni mwa wale tuliowasimamia asubuhi hii. Kamati imefuta deni lao. Naomba mkutano uridhie, na naomba asiwepo wa kulizungumza jambo hilo kwa familia zao.

Mjue pia mpaka wa bima hiyo ya SHA, maana wapo wanaodhani ukishasajiliwa mambo yamekwisha. Kwa saratani, katika mwaka huu wa taarifa, 2024/2025, mfuko wa bima ulilipa hadi shilingi 400,000 kwa mwaka, na zilipoisha, mfuko wa magonjwa sugu uliongeza 150,000. Hiyo ilikuwa kwa kaya, si kwa kila mtu. Tunayo nyumba moja humu ambamo baba na binti wanaugua pamoja. Waligawana hizo hizo. Na kwa saratani ya titi ya aina inayohitaji ile sindano ya kila wiki tatu, mara 18 kwa mwaka, kiasi hicho kiliisha mapema sana, kisha mtu akabaki anahesabu vikao vilivyobaki na mifugo iliyobaki. Mwaka ujao nataka sauti yetu isikike kuhusu jambo hili kupitia mashirika makubwa ya wagonjwa. Waziri hasikii watu 62 wa Nakuru wakiwa peke yao.

Kuna gharama nyingine isiyotajwa sana: ya kutafuta jina la ugonjwa. Nitatumia mfano wangu kwa sababu nina ruhusa yangu mwenyewe. Nilipoona kivimbe, nilienda hospitali moja mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa ni maziwa yaliyoganda, na mtoto wangu wa mwisho wakati huo alikuwa darasa la nne. Nikapewa vidonge vya kuua viini, mara mbili. Kipande cha biopsi, yaani cha uvimbe wa kupimwa maabara, kilipochukuliwa hatimaye, kikapotea, nikalipa tena. Ng'ombe mtamba aliuzwa kwa ajili ya biopsi ya pili. Siku nilipoambiwa ni saratani, pesa ya kuitibu tulikuwa tumeshaimaliza kuitafuta. Nikiwasikiliza ninyi kwenye mikutano ya mwezi, naona hadithi ni ile ile kwa watu wa vijiji tofauti. Kwa hiyo kamati imeanza kulipa nusu ya gharama ya biopsi na ripoti yake kwa mwanachama au mtoto wa mwanachama aliyeandikiwa na daktari. Mwaka huu tumelipia watu wanne. Wawili hawakuwa na saratani. Tulicheza siku hiyo.

Sitaki kumgombeza mtu kuhusu dawa za mitishamba. Najua hofu inavyosukuma. Lakini mwenzetu mmoja alitoa shilingi 40,000 kwa chupa sita za mtu aliyemwahidi uvimbe utayeyuka, akarudi kliniki baada ya miezi mitano na ugonjwa umefika kwenye ini. Kabla hujatoa pesa kama hizo, nipigie simu. Hata usiku.

Kwa waliomaliza tiba: wengi wenu mnameza tamoxifen, dawa ya kuzuia saratani ya titi isirudi, kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Nimegundua wapo wanaomeza siku moja na kuruka mbili ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Tafadhali, hilo tusifanye kimyakimya. Tangu Februari tuna utaratibu wa kuulizana kila Jumatatu, na aliyeishiwa asema. Wale waliotolewa tezi za kwapani na mkono unavimba, mazoezi yanaendelea Jumatano. Kikundi cha kufuma kimetengeneza matiti ya bandia ya uzi wa pamba kwa kila mwanamke aliyeomba. Mwalimu mmoja aliniambia ni mara ya kwanza katika miaka miwili kusimama mbele ya darasa bila kukunja mikono kifuani.

Wanaume ni saba tu kati yetu 62. Wanatuma wake zao waje kuuliza habari za tezi dume. Njooni wenyewe.

Wenye mabinti wa miaka 10 hadi 14, chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ipo kwenye vituo vya afya tangu 2019 na ni ya bure. Nimekuta watoto wa wanachama wetu wenyewe hawajachanjwa.

Mweka hazina atasoma hesabu kwa ukamilifu. Kwa ufupi, tumepokea shilingi 182,000 na zote zimetumika: 60,000 kodi ya chumba, 50,400 michango ya bima, 48,000 nauli, na 23,600 biopsi. Hatuna akiba. Ile hofu yangu ya mwaka jana ilikuwa na ukweli wake, na kamati inapendekeza mchango wa mwezi upande kutoka 200 hadi 250, hizo hamsini ziwekwe kando. Asiye na uwezo asiondoke chamani kwa ajili ya hilo, aje tuzungumze. Viti vitatu vya kamati viko wazi, uchaguzi ni baada ya chakula.

Ufunguo wa chumba wiki hii uko kwa mama wa Subukia, anayemaliza kikao chake cha 25 siku ya Ijumaa. Jumatatu inayofuata kitanda chake kinachukuliwa na kijana wa Molo, miaka 23, ambaye hajawahi kulala Nakuru na hana jamaa mjini. Zamu ya jioni ya Jumanne na Alhamisi bado haina mtu. Anayeweza kumpikia, katibu ana daftari hapo mlangoni.