Usianze na pikapu: barua kwa mwenye besi kuukuu

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Picha za gitaa lako la besi zimefika, na swali lako nimelielewa: ununue pikapu gani mpya, yaani kile kifaa cha sumaku na koili kinachonasa mlio wa nyuzi? Jibu langu ni kwamba usinunue yoyote. Iache kwanza mpaka mengine yote yakae sawa, kwa sababu besi ya bei ya chini iliyokula miaka 50 na zaidi huwa na nyuzi zilizokufa, shingo iliyopinda na jeki (tundu la kuchomekea waya wa amplifaya) iliyoshika kutu, halafu lawama zote hubebeshwa pikapu.

Lile jina lililofutika kwenye kichwa cha besi nalo lisikukoseshe usingizi. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Japani vilitengeneza magitaa kwa waagizaji wengi wa nje, na kila mwagizaji alibandika jina alilotaka. Kampuni ya Teisco, ambayo kampuni ya Kawai iliinunua mwaka 1967, iliuza magitaa yake Marekani kwa jina la Teisco Del Rey. Huko huko Marekani, magitaa yaliyotengenezwa na kiwanda cha Danelectro yaliuzwa na maduka ya Sears kwa jina la Silvertone. Kwa hiyo jina halitakusaidia kununua nyuzi wala kunyoosha shingo. Vipimo ndivyo vitakavyokusaidia.

Kipimo cha kwanza ni urefu wa uzi. Pima kutoka kidaraja cha kichwani, kile kijipande cha plastiki au mfupa chenye mifereji minne, hadi kwenye waya wa freti ya 12 (freti ni zile waya zilizokingama shingoni, huhesabiwa kutoka kichwani), kisha zidisha mara mbili. Ukipata karibu milimita 762, yaani inchi 30, hiyo ni besi fupi. Besi za kawaida zina milimita 864, inchi 34. Pichani yako inaonekana fupi, lakini usiniamini mimi, amini futi.

Urefu huo ndio unaoamua nyuzi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu hununua nyuzi za besi ndefu akidhani atakata kipande kilichozidi. Shida ni kwamba uzi wa besi una sehemu nene na mkia mwembamba, na mkia ndio uliokusudiwa kuzungushwa kwenye nguzo ya kukazia. Ukitumia uzi mrefu mno, sehemu nene ndiyo itakayokunjwa kwenye nguzo. Waya wa nje hufumuka, uzi hupoteza mlio, na wakati mwingine hukatika siku hiyo hiyo. Ukitumia mfupi mno, mkia huanza kabla ya kidaraja cha kichwani na uzi wazi, yaani usiobonyezwa, hulia ovyo. Pima basi kutoka pale uzi unapoanzia nyuma ya daraja, kile kipande cha mwilini kinachobeba nyuzi, hadi kidaraja cha kichwani, na pia hadi nguzo ya mbali kabisa, kisha ulinganishe na vipimo vya pakiti: sehemu nene ipite kidaraja cha kichwani na iishie kabla ya nguzo. Ukikata, ukunje uzi kwanza pembe mraba pale unapotaka kukata, ndipo ukate mbele ya kona hiyo. Ukikata uzi ulionyooka, waya wa nje huteleza juu ya kiini na uzi unakuwa mfu kabla hujaucheza. Bakisha urefu wa mizunguko miwili au mitatu, ikishuka kuelekea chini ya nguzo.

Jambo jingine la besi fupi: uzi ule ule, kwa noti ile ile, hulegea. Mvuto hufuata mraba wa urefu, kwa hiyo kutoka inchi 34 hadi 30 unapoteza kama asilimia 22. Ndiyo maana uzi wa E, ule mnene kuliko zote, unaonekana kama mlenda. Tiba yake ni uzi mnene kidogo zaidi, au nyuzi zenye uso laini zilizozungushiwa utepe bapa badala ya waya wa mviringo. Kwa masikio yangu hizo bapa ndizo zinazozifaa besi hizi: hazikwaruzi vidole, hazili freti, na mlio wake mzito mfupi ndio besi yenyewe ilizaliwa nao. Zina kosa moja tu: nyingi ni ngumu, na kona kali kwenye nguzo huzivunja.

Kama daraja lako ni la mbao lisilofungwa kwa skrubu, lile linalosimama kwa kukandamizwa na nyuzi tu, bandika utepe wa karatasi pande zake kabla ya kulegeza chochote, kisha badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja litateleza, na utashinda jioni nzima ukilitafutia mahali pake.

Sasa shingo. Ukiwa na nyuzi mpya zilizotyuniwa, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya 1 na, kwa mkono mwingine, pale shingo inapokutana na mwili. Uzi huo sasa ni rula yako. Angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Karibu milimita 0.3 ni nzuri. Nafasi ikikosekana kabisa, shingo imepinda kwa nyuma na freti za mwanzo zitavuma. Ikizidi nusu milimita, imevutwa mbele kama upinde. Vile vibati vyembamba vya mafundi wa magari vya kupimia nafasi vinafaa sana hapa.

Tazama kama kuna nati ya ufito wa chuma unaopita ndani ya shingo, kichwani chini ya kifuniko au kwenye kisigino cha shingo. Kukaza hunyoosha shingo iliyovutwa mbele, kulegeza huiruhusu ipinde. Robo mzunguko kwa wakati mmoja, halafu tyuni upya na upime tena. Nati iliyoganda itie tone la mafuta ya kulegezea kutu na uiache hadi kesho. Usitumie nguvu, maana ufito ukikatika ndani, tiba yake inagharimu kuliko besi. Nati ikifika mwisho wa njia yake ya skrubu na shingo bado haijanyooka, ifungue, weka washa (kiduara cha chuma chenye tundu) moja au mbili, kisha anza upya.

Tatizo ni kwamba besi nyingi za kiwango hicho hazina ufito wa kurekebishwa. Maandishi ya kiwandani yakisema shingo imeimarishwa kwa chuma, mara nyingi maana yake ni chuma kilicholala tu ndani ya mbao. Shingo ya namna hiyo ikiwa na nafasi ya milimita 0.6 au 0.7, badilisha uzito wa nyuzi na uzoee. Ikizidi milimita 1, mpelekee fundi wa magitaa anayejua kuikandamiza kwa joto au kuipanga upya freti. Kuna pia shingo iliyosokotwa: itazame kutoka kichwani kuelekea mwilini kama anayelenga bunduki, ulinganishe mstari wa kidaraja cha kichwani na mstari wa freti ya mwisho. Mistari hiyo miwili isipolala sambamba, besi hiyo ni ya ukutani, na husemi kitu.

Shingo ikishakaa sawa ndipo uangalie urefu wa nyuzi juu ya freti. Kwenye freti ya 12, milimita 2.5 upande wa E na 2 upande wa G, uzi mwembamba kuliko zote, ni mwanzo mzuri. Kumbuka hesabu hii: ukishusha daraja kwa milimita 2, uzi unashuka milimita 1 tu kwenye freti ya 12. Kwenye besi hizi daraja hufika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu. Hapo wengi huchukua tupa na kulichonga daraja. Usifanye hivyo. Tatizo ni pembe ya shingo, na linatatuliwa kwa kijipande chembamba.

Legeza nyuzi, fungua skrubu nne za shingo, na ndani ya shimo lake, upande ulio karibu na pikapu, weka kipande chembamba kigumu cha upana wa shimo lote. Unene wa nusu milimita unatosha kuanzia, na kwa shimo la kawaida lenye urefu wa kama milimita 75 utashusha nyuzi karibu milimita 1 kwenye freti ya 12. Mbao nyembamba ni bora, lakini plastiki ya kadi ya benki iliyokwisha muda inafanya kazi ile ile. Skrubu zikizunguka bila kushika, jaza matundu kwa vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, subiri ikauke, kata usawa, kisha urudishe skrubu. Mwishoni tyuni nusu tu, legeza skrubu zote robo mzunguko mpaka usikie shingo ikilia kidogo na kujivuta ndani ya shimo lake, kisha kaza. Mlio hubadilika kwa jambo dogo kama hilo.

Kidaraja cha kichwani kipime kwa kubonyeza freti ya 3: kati ya uzi na freti ya 1 ibaki nafasi ndogo kama unene wa karatasi mbili tatu. Kubwa zaidi, vidole vitauma na noti za mwanzo zitapanda juu. Isipokuwepo kabisa, uzi wazi utavuma. Mfereji uliolika hujazwa kwa bikaboneti ya soda ya kupikia na tone la supagluu, kisha unachongwa upya. Ni kiraka, na chini ya uzi wa besi hakidumu sana.

Noti zisipolingana kule juu, linganisha mlio wa freti ya 12 uliobonyezwa na ule wa kugusa tu juu yake. Uliobonyezwa ukiwa juu, kikalio cha uzi (kile kidude cha darajani unapokalia uzi) kirudi nyuma, na ukiwa chini kije mbele. Daraja la kipande kimoja huwezi kulipanga uzi kwa uzi. Linganisha E na G, nyingine ziache zijitegemee. Vikaza nyuzi vinahitaji tone la grisi na skrubu zilizokazwa, basi.

Tumefika kwenye umeme. Kitasa cha kuzungusha sauti kikikwaruza, pulizia dawa ya kusafishia viungio vya umeme yenye mafuta kidogo ndani ya potenshiomita, kifaa kilicho chini ya kitasa hicho, uzungushe mara 30. Sauti ikikatika ukitikisa waya, safisha ndani ya jeki na ukunje ulimi wake uikamate plagi. Mvumo unaopungua ukigusa nyuzi ni wa kawaida kwa pikapu ya koili moja. Mvumo unaoongezeka ukigusa una maana waya za jeki zimepishana au waya wa ardhi umekatika. Pima kwa maltimita kati ya daraja, au kishikio cha chuma cha nyuzi kama daraja ni la mbao, na ganda la jeki: inapaswa kuwa karibu omu 0.

Pikapu yenyewe ipime ikiwa imetengwa na vitasa. Nyingi za aina hii husoma kati ya kiloomu 4 na 10. Isiposoma chochote, koili imekatika, na mara nyingi imekatikia pale waya wake, mwembamba kuliko unywele, unapokutana na waya wa kutokea. Fundi mwenye lenzi na mkono mtulivu anaweza kuulehemu. Ikipiga yowe kwenye sauti kubwa, koili inatikisika ndani na pikapu inahitaji kuzamishwa kwenye nta iliyoyeyuka: nta ya mishumaa na kiasi kidogo cha nta ya nyuki, kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kama nyuzi joto 65, mpaka viputo viishe. Usiweke moto moja kwa moja, na kama kiunzi kilichozungushiwa koili ni cha plastiki laini usijaribu kabisa.

Ikisoma vizuri, kwa nini uitoe? Mpya haitaingia bila kuchimba mwili, na ukichimba umeharibu hata bei ya kuiuza. Kampuni ya Fender iliiwekea besi yake iitwayo Musicmaster Bass pikapu ya gitaa la kawaida chini ya kifuniko kisicho na matundu, na watu wanaitafuta hadi leo. Sogeza tu urefu wake: ukibonyeza freti ya mwisho, acha milimita 3 upande wa E, na kidogo pungufu upande wa G. Ikikaribia mno, sumaku huuvuta uzi na noti huyumba.

Kuhusu kuipiga: freti ya 1 ya besi ndefu ina upana wa milimita 48.5, yako, kama kweli ni fupi, 42.8. Kidole kimoja kwa freti moja kinawezekana hata huko chini. Bonyeza karibu kabisa na waya wa freti na usikandamize, maana uzi uliolegea hupanda noti kwa kukandamizwa. Mkono wa kulia uwe mwepesi, vidole vikichuna pale shingo inapoishia, na kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja kizime mlio mrefu. Kichwa kikielekea sakafuni, tafuta mkanda mpana wenye upande mkwaruzo. Usiipitishe kwenye amplifaya ndogo ya gitaa kwa sauti kubwa: E wazi ni hezi 41, na spika ya namna hiyo itachanika.

Nitumie namba mbili tu: nafasi ya freti ya 7 na usomaji wa pikapu. Halafu tutajua kama ile kadi ya benki itahitajika.

Wako